Ngoma za Mwami katika Santuri za Waingereza

Wapenzi wa muziki wa roki katika mji wa Bujumbura si wengi, nao aghalabu husutwa na jamaa zao kwamba wameiacha rumba ya Kongo inayovuka mto Rusizi kila usiku, wameiacha taarabu iliyowafikia wazee wa mtaa wa Buyenzi kwa njia ya Ujiji, wameziacha nyimbo za Kirundi za kina Canjo Amissi na Christophe Matata, wakaenda kushabikia makelele ya vijana wa Kiingereza wenye nywele ndefu, ambao pengine hawajui hata Ziwa Tanganyika liko pembe gani ya dunia. Mimi ni mmoja wa hao wasutwao, na jawabu langu sikuzote limekuwa la historia kuliko la mapenzi: kwamba sehemu ya makelele hayo ilitoka kwetu, tena si kwa hadithi ya kujifariji, bali kwa santuri zenye tarehe na majina ya watu, na kwamba Mrundi akaaye kusikiliza roki ya miaka ya sabini na ya themanini husikiliza, bila kuarifiwa na mtu, mali ya nyumbani iliyokwenda ghaibu ikabadilishwa jina.

Ngoma ninazozinena zilikuwa ngoma za Mwami, yaani mfalme wa Burundi, wala hazikupigwa kwa kila arusi na kila kilabu cha pombe. Zilirindima Mwami alipotawazwa na alipozikwa, na zilirindima katika umuganuro, sherehe ya mtama iliyofungua msimu wa kupanda, ambapo raia walipata idhini ya kutia mbegu ardhini. Kilima cha Gishora, kilicho karibu na Gitega, huhesabiwa kuwa miongoni mwa makao yake makuu, na wenyeji husimulia kwamba Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908 baada ya kutawala miaka mingi, ndiye aliyekifanya kuwa maskani ya ngoma baada ya kumshinda Ntibirangwa, mtemi aliyemwasi. Watimbo, yaani wapigaji, walirithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Ngoma huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, ikawambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi. Wapigaji huingia uwanjani wamejitwika ngoma hizo vichwani huku wakizipiga, kisha huzipanga kwa umbo la nusu duara, na katikati husimama ngoma iitwayo inkiranya, ambayo kila mmoja huiendea kwa zamu yake, akaipiga, akaruka, akaamuru mwendo. Ngoma ziitwazo amashakiro hushika mdundo mmoja usiotetereka tangu mwanzo hata mwisho, na zile ziitwazo ibishikizo huitazama inkiranya na kuzifuata hila zake. Mtu aliyezoea kusikiliza bendi za gitaa atatambua mara moja mpango huo wa anayeongoza, anayeshikilia na anayeitikia, ila kwamba hapa hakuna gitaa wala besi, na kazi yote imebebwa na mti, ngozi na mikono ya wanaume.

Utawala wa Kibelgiji, uliowaondoa Wajerumani mwaka 1916, pamoja na mapadri waliofuatana nao, haukupendezwa na umuganuro, na sherehe hiyo ikakoma kufanywa mwishoni mwa miaka ya ishirini. Walakini ngoma zenyewe hazikunyamaza, madhali Mwami Mwambutsa wa Nne alikuwa angali akikalia kiti cha baba zake. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, na mji wa Usumbura ukaitwa Bujumbura, ngoma zilikuwa bado na bwana wake. Mwezi wa Julai 1966 Mwambutsa akapinduliwa na mwanawe, aliyejiita Ntare wa Tano, na mwana naye akapinduliwa na waziri mkuu wake, Michel Micombero, tarehe 28 Novemba mwaka ule ule. Ufalme ukafutwa, jamhuri ikatangazwa, na watimbo wakabaki na ngoma za mfalme katika nchi isiyo na mfalme. Katika hali hiyo ndipo, mwaka 1967, alipowajia mgeni mwenye mashine ya kunasa sauti.

Mgeni huyo alikuwa Michel Vuylsteke, naye alikuwa akifanya kazi kwa Ocora, ofisi ya Ufaransa ya ushirikiano wa redio, ambayo mbali na kuwafundisha Waafrika utangazaji ilikuwa ikikusanya muziki wa mataifa na kuutoa katika santuri. Ocora ilitokana na shirika lililoanzishwa mwaka 1955 na Pierre Schaeffer, yule yule mhandisi ambaye mwaka 1948 aliwashangaza watu wa Paris kwa kutunga muziki kwa sauti za garimoshi alizozinasa, akazikata na kuzirudiarudia mpaka zikawa lahani. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa maana sanaa ya kuikata sauti ya mtu na kuizungusha bila yeye kuwapo, sanaa ambayo ndiyo itakayozifikisha ngoma zetu ulimwenguni, na ofisi iliyozinasa ngoma hizo, zote mbili zina mzazi mmoja.

Santuri iliyotoka Paris iliitwa Musique du Burundi, na mwenye subira ataona kwamba ngoma ni sehemu yake moja tu. Kuna ndani yake salamu za wasichana zinazopishana kwa kasi ya ajabu, kuna umuduri, upinde wenye kibuyu, na kuna mzee anayepiga inanga, ala ya nyuzi, huku akinong'ona maneno yake badala ya kuyaimba, hata sauti yake na sauti ya nyuzi zikachanganyika usijue ipi ni ipi. Kwa hukumu yangu, mnong'ono huo ndio ulio bora kuliko yote yaliyomo, na nitaurudia hapo baadaye. Lakini waliouchukua muziki wetu hawakuugusa mnong'ono huo. Waliyoyaona ni zile dakika chache za ngoma zilizorindima kwa pamoja, na walizipenda, nadhani, kwa sababu zilifanana na jambo walilokuwa wakilitafuta tayari.

Wa kwanza alikuwa Mfaransa Michel Bernholc, mtunzi wa nyimbo za vijana, ambaye mwaka 1971 alizichukua ngoma hizo zilivyo, akazirushia juu yake gitaa na kinanda, akaitoa santuri ndogo iliyoitwa Burundi Black kwa jina la kubuni la Burundi Steiphenson Black. Ikapata kuingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza, na mwaka 1981 ikatolewa upya kwa ajili ya kumbi za dansi. Mimi siipendi. Ngoma zinakwenda mbele kama zilivyokusudiwa, na kinanda kinazifuata nyuma kikibabaisha, mithili ya mtalii anayekimbiza gari lililomwacha. Fauka ya hayo, jina lililopewa heshima ya mtungaji ni la mtu asiyekuwapo duniani, ilhali watu wa kweli waliopiga wanaelezwa kwa jina la nchi peke yake. Na nchi hiyo, wakati vijana wa London walipokuwa wakicheza kwa mrindimo wake, ilikuwa imebakiza miezi michache tu kufikia Aprili 1972, mwezi ambao jina lake halitamkwi kwa wepesi katika nyumba nyingi za Burundi, ambapo watu wapatao laki moja au zaidi waliuawa na wengine kwa maelfu wakakimbilia Tanzania, wakafyeka mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Bernholc hana hatia katika hayo. Nasema tu kwamba jina la nchi lilikuwa likiuza santuri katika majira ambayo wenye nchi hawakuwa na wa kuwasikiliza.

Kisha akaja Joni Mitchell, binti wa Kanada, ambaye katika sahani yake ya mwaka 1975, The Hissing of Summer Lawns, aliweka wimbo uitwao The Jungle Line. Alichukua kipande cha mkanda wa ngoma zile zile, akakizungusha, akakitilia chini sauti nzito ya kinanda cha umeme cha Moog, akaimba juu yake habari za Henri Rousseau, yule mchoraji wa Paris aliyechora misitu asiyopata kuiona. Wachambuzi wengi wa wakati ule waliikejeli sahani hiyo, kwa kuwa walimtaka bibi huyo aendelee kulia mapenzi na gitaa lake. Lakini mimi naiona kuwa ndiyo iliyotumia ngoma za Burundi kwa akili kuliko zote zilizoitangulia na zilizoifuata. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, hakuziremba: aliziacha zikae mbele, kavu, zenye kutisha kidogo, na yeye akajitafutia nafasi kando yake. Pili, wimbo wenyewe unazungumzia Mzungu anayeiota Afrika kutoka katika chumba chake, yaani unajishitaki wenyewe, na uaminifu wa namna hiyo ni haba katika roki. Tena aliziandika katika jalada la santuri, kwamba ni ngoma za Burundi, ingawa alizisema kuwa ni ngoma za wapiganaji. Na hapo ndipo ninapomtoza faini, maana watimbo walikuwa watumishi wa ufalme na wa mtama, wala si askari. Lakini jina la nchi liliandikwa, na aliyetaka kutafuta aliweza kutafuta.

Yaliyofuata yanataka kusimuliwa pole pole, kwa sababu ni kichekesho na ni biashara kwa pamoja. Palikuwa na mtu London aitwaye Malcolm McLaren, mwenye duka la nguo na mlezi wa ile bendi ya fujo, Sex Pistols, ambayo ilikuwa imevunjika mwaka 1978. Mwishoni mwa 1979 alijiwa na kijana aitwaye Adam Ant, aliyekuwa na bendi isiyopiga hatua, akamlipa pauni 1,000 ili amshauri. McLaren akampa mkanda wa nyimbo mchanganyiko, na ndani yake zilikuwamo ngoma za Burundi; kisha, kabla kijana hajamaliza kushukuru, akamnyang'anya wanamuziki wake wote watatu, akawaunganisha na msichana wa miaka kumi na mitatu mzaliwa wa Burma, Annabella Lwin, aliyepatikana akifanya kazi katika duka la kufulia nguo, akaunda bendi nyingine iitwayo Bow Wow Wow. Adam akabaki na jina na ule mkanda. Watu wengi wangaliacha muziki siku hiyo. Yeye akamtafuta mpiga gitaa, Marco Pirroni, akaajiri wapigaji ngoma wawili badala ya mmoja, Terry Lee Miall na Chris Hughes, akawaambia wapige ngoma nene za chini kwa pamoja, bila kutegemea matoazi kama ilivyo ada ya roki, hata bendi ikapata ule uzito wa watu wengi wanaopiga kitu kimoja.

Hivyo mwaka 1980 mrindimo wetu ukawa unagombewa na bendi mbili zilizochukiana. Bow Wow Wow walitangulia mwezi wa Julai kwa wimbo wa kusifu kunakili muziki katika kaseti tupu, jambo lililowakera wenye makampuni ya santuri, na ambalo kwa sisi wa Bujumbura lilikuwa halina haja ya kusifiwa, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuupata muziki: mwenye santuri moja alikuwa na wageni wengi, na kaseti moja ilinakiliwa kutoka kaseti nyingine mpaka sauti ikafifia. Adam and the Ants wakafuata na sahani yao, Kings of the Wild Frontier, iliyouzwa Uingereza katika mwaka 1981 kuliko sahani nyingine yoyote. Kijana huyo alijichora mstari mweupe usoni kama Wahindi Wekundu wa Marekani, akavaa koti la askari farasi wa Kiingereza, akajinadi kama haramia, na chini ya vyote hivyo zikasikika ngoma za Gishora zilizopigwa na Waingereza wawili. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba huo ni wizi. Mimi nasita kulitumia neno hilo kwa Adam, kwa sababu hakuchukua sauti ya mtu, bali alichukua namna ya kupiga, na namna ya kupiga imekuwa ikitembea duniani tangu binadamu wa kwanza alipomsikia jirani yake. Lakini wale waliochukua sauti yenyewe, mikono yenyewe ya watu waliokuwa hai, hesabu yao ni nyingine. Na nikiacha insafu kando nikasema kwa masikio tu, nitakiri kwamba Kings of the Wild Frontier ni sahani ya kusisimua, yenye nguvu na mzaha, na kwamba Bow Wow Wow, pamoja na wepesi wa mpigaji wao David Barbarossa, wanachosha baada ya wimbo wa tatu.

Wenye ngoma wenyewe walifika mbele ya halaiki ya Waingereza mwezi wa Julai 1982, katika tamasha la kwanza la Womad, lililoandaliwa na Peter Gabriel na wenzake huko Shepton Mallet, kusini-magharibi ya Uingereza. Watimbo wa Burundi waliingia na ngoma vichwani kama walivyoingia mbele ya Mwami, na vijana waliokuwa wamelijua jambo hili kwa kupitia kwa Adam wakaona kwa macho yao asili yake. Bendi ya Liverpool, Echo and the Bunnymen, ilipanda jukwaani pamoja nao, wakapiga wimbo wao ulioitwa Zimbo, na kumbukumbu ya jioni hiyo ilihifadhiwa katika santuri: gitaa ni dogo, mwimbaji ananong'ona karibu kama yule mzee wa inanga, na ngoma zinajaza mahali pote. Hakuna mtu anayemwongoza mwingine kwa nguvu, na ni miongoni mwa nyakati chache ambazo roki ilijua kunyamaza. Tamasha lenyewe lilileta hasara kubwa, madeni yakamwandama Gabriel, hata wenzake wa zamani wa bendi ya Genesis wakakusanyika tena Milton Keynes mwezi wa Oktoba, kwa usiku mmoja, ili kumwokoa. Baadaye zikaja nyimbo nyingine, kama wimbo Rocket wa Def Leppard wa mwaka 1987, ambao mwimbaji wake amekwisha kusema kwamba ulizaliwa na Burundi Black. Ni wimbo wa viwanja vikubwa, na sina la kuuongezea.

Wapenzi wenzangu hunikabili hapa kwa hoja ya kwamba roki nzima imejengwa juu ya mkopo, na kwa nini basi nililie mkopo huu mmoja. Ni kweli. Led Zeppelin, ambao nawapenda kwa mapenzi ya ujana, waliutoa wimbo wao Whole Lotta Love mwaka 1969 bila jina la Willie Dixon, Mmarekani mweusi aliyetunga maneno yaliyokuwa ndani yake, mpaka alipowashitaki mwaka 1985 na wakasuluhishana miaka miwili baadaye. Rolling Stones waliuweka wimbo wa Robert Wilkins katika sahani ya mwaka 1968 na hapo kwanza wakaandika majina yao wenyewe. Lakini angalia tofauti: Dixon alikuwa na jina, na mwenye jina huweza kwenda mahakamani. Mtimbo wa mwaka 1967 hakuachiwa jina katika santuri, akaitwa Burundi, na Burundi ni nani atakayesimama kizimbani kudai mrabaha?

Swali hilo la jina ndilo lililonifanya, baada ya miaka mingi ya magitaa yenye kishindo, niuelekeze moyo wangu kwenye kantri, na hasa ile kantri ya pembeni ambayo Wamarekani wameiita mbadala. Najua kwamba kwa watu wa Afrika Mashariki kantri ni Jim Reeves, yule aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, na ambaye sauti yake ya pamba ingali ikiwafariji wazee wa kanisani Jumapili alasiri; nami sina ugomvi na Jim Reeves, ila kwamba anaimba kana kwamba dunia imekwisha kufagiliwa. Uhusiano wetu na kantri ni wa kale kuliko yeye. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki, aliwakuta Wakipsigis wa Kenya wakiimba kumhusu Chemirocha, na Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia, naye kwao akageuka kiumbe nusu mtu nusu paa. Miaka miwili baadaye Tracey huyo huyo alimkuta Jadotville, huko Katanga, kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda, akipiga gitaa kwa vidole kwa namna ambayo mtu angeapa kwamba ni watu wawili. Akamnasa akiimba Masanga kwa Kiswahili, na mwaka 1969 Mwenda alisimama mbele ya Wamarekani katika tamasha la Newport. Yeye alirekodiwa akiwa mtu mwenye jina, na kwa hiyo hata leo mpiga gitaa wa Ulaya anayejifunza Masanga husema anajifunza Bosco.

Jimmie Rodgers na ile Familia ya Carter walirekodiwa kwa mara ya kwanza katika juma moja, mwanzoni mwa Agosti 1927, katika mji wa Bristol ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, na mtu mmoja, Ralph Peer. A. P. Carter, baba wa familia hiyo, alikuwa akizunguka milimani kukusanya nyimbo za wazee, akaziandikisha kwa jina lake. Na katika safari hizo alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyepoteza mguu katika ajali ya kiwandani, ambaye kazi yake ilikuwa kuzihifadhi lahani kichwani wakati Carter akiandika maneno. Maybelle Carter, aliyesifiwa duniani kwa upigaji wake, alijifunza mengi kwake. Jina la Riddle halikuwamo katika santuri hizo, na mpaka Mike Seeger alipomtafuta mwaka 1965 ndipo alipopata kusikilizwa kwa heshima yake. Kwa hiyo yaliyotupata Gishora yaliwapata na watu wa Tennessee, tena ndani ya nchi moja, miaka arobaini mapema.

Mwaka 1990 vijana watatu kutoka Belleville, Illinois, waliojiita Uncle Tupelo, walitoa sahani yao ya kwanza wakaipa jina la wimbo wa Familia ya Carter, No Depression, na jina hilo likawa bendera ya kantri mbadala nzima, hata likapewa jarida mwaka 1995. Kichekesho ni kwamba wimbo huo, ambao kwa muda mrefu ulisemwa kuwa wa A. P. Carter, inaaminika kuwa mtungaji wake ni J. D. Vaughan. Uncle Tupelo walipovunjika mwaka 1994, Jay Farrar akaenda na Son Volt, Jeff Tweedy akaenda na Wilco, na Wilco ndio walioshirikiana na Mwingereza Billy Bragg mwaka 1998 kuyatia muziki maneno yaliyoachwa na Woody Guthrie katika karatasi zake, kwa kuombwa na binti yake, na jina la marehemu likatangulia. Naipenda kazi hiyo kuliko santuri nyingi zenye kishindo kikubwa. Kuhusu Gram Parsons, ambaye wengi humwita baba wa jambo hili zima, maoni yangu ni baridi kidogo: aliwaingiza The Byrds katika kantri mwaka 1968, kisha akawaacha mwaka ule ule walipokuwa wakielekea Afrika Kusini, akisema hataki kuwapigia wabaguzi, ingawa wenzake walimtilia shaka, wakidhani ameona raha ya kubaki London na Rolling Stones. Mimi namkubalia alilolisema, ila sauti yake hunichosha.

Kantri hiyo mbadala ya kina Uncle Tupelo ilizaliwa katika miaka ambayo Bujumbura ilikuwa katika dhiki. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na baada yake mitaa ikagawanyika, zikaja siku ambazo mji ulifungwa, hakuna gari wala soko, na usiku marufuku ya kutembea iliwaweka watu majumbani na redio zao. Vijana wa muziki walikimbia. Jean-Pierre Nimbona, anayejulikana kwa jina la Kidum, mpigaji ngoma wa mitaa ya kaskazini ya mji, alikwenda Nairobi mwaka 1995, na huko ndiko alikopata sifa. Katika usiku wa namna hiyo ngoma za Adam Ant hazisikilizwi. Muziki unaostahili ni wa mtu mmoja na nyuzi zake, asiyepaza sauti, anayesimulia msiba kana kwamba anaogopa kuwaamsha watoto, na hapo Townes Van Zandt wa Texas na mzee wa inanga aliyenaswa mwaka 1967 wanakaa meza moja. Laiti wale wa miaka ya themanini wangaligeuza upande wa santuri ile ya Ocora, wangaliukuta.

Ngoma zenyewe sasa zina vyeti: mwaka 2014 Unesco iliziandika katika orodha ya urithi wa binadamu, na Oktoba 2017 ikatoka amri ya serikali kwamba zisipigwe hadharani bila idhini, na kwamba wanawake wasizipige kabisa, ingawa vikundi vya wanawake vilikuwa vimekwisha kuzizoea. Hili la pili linanisumbua. Nchi ambayo ngoma zake zilipigwa na kila mtu kutoka Paris hadi Liverpool bila kuulizwa haikuona wa kumzuia ila binti zake.

Na binti mmoja wa Bujumbura, aliyezaliwa humu mjini mwaka 1959, amekwisha kulipiza kwa namna yake. Khadja Nin alipita Zaire kabla ya kuhamia Ubelgiji mwaka 1980, na huko, pamoja na Mbelgiji Nicolas Fiszman, akaanza kuimba kwa Kiswahili. Katika sahani yake Sambolera ya mwaka 1996 aliuchukua wimbo wa Stevie Wonder uitwao Free, ambao mwenyewe aliutoa mwaka 1987, akautungia maneno ya Kiswahili, akauita Sina Mali, Sina Deni; na ukiitazama sahani utalikuta jina la Wonder limeandikwa mahali pake, herufi zake zote. Wapenzi wa Stevie walioko mtaa wa Bwiza hushikilia kwamba asili haipitwi. Nami huwajibu kwamba wimbo wa Stevie umepambwa kupita kiasi, kwamba Khadja ameuvua vikuku vyake ukabaki kuwa wimbo, na kwamba mwenye shaka aziweke sahani mbili pamoja asikilize. Nao hunitukana, tukaagiza chai nyingine.